Unga una mkaguzi, bomu halina

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, yale makubwa, limekatwa mdomo likatiwa waya wa kushikia, na ukilitazama kwa juu huoni kitu. Ukilipindua ndo unaona kitako kimegongwa kwa jiwe kimeingia ndani. Kila likichota linaacha nyuma unga kiasi cha kiganja kimoja, na kiganja kimoja si kitu kwa mtu alieshiba, lakini wewe fanya hesabu, familia elfu moja, kila familia makopo kumi na kitu, mgao mara mbili kwa mwezi, ikifika jioni nyuma ya banda kuna magunia yamesimama ambayo kwenye karatasi hayapo, yashagawiwa zamani, watu wameyapigia dole gumba.

Mie nilikuwa karani wa bohari pale. Kambi moja ya wakimbizi wa Burundi mkoani Kigoma, mwishoni mwa miaka ya tisini, kijana wa Wete nimepelekwa kule na jamaa yangu aliekuwa na mtu wake kwenye shirika, na shirika silitaji. Kazi yangu kuhesabu magunia yakishuka kwenye lori na kutia saini. Siku ya kwanza nimehesabu 574, karatasi imeandikwa 600. Nikamuuliza dereva, akacheka, akanambia "mdogo wangu, hayo mengine yamechanika njiani." Magunia 26 yachanike, na hata kitambaa cha gunia kisifike! Nikenda kwa mkubwa wangu, akanitazama kama mtu anaemuonea huruma mtoto mdogo, akasema tia saini bwana lori lina safari nyingine. Nikatia. Jumamosi ikaja bahasha.

Bahasha niliichukua, na wallahi nilishukuru, mshahara mdogo na nyumbani Pemba kuna watu wanangoja. Nayasema haya mwanzo ili asije mtu akadhani naandika kutoka juu ya minara.

Sasa nilichojifunza kule ni hichi. Chini kabisa kuna kopo. Juu ya kopo kuna daftari, na daftari lina wakimbizi hewa, mtoto kafariki mwezi wa kwanza lakini mgao wake unachukuliwa mpaka Disemba, kadi za watu walokwisha kurudi kwao zinauzwa humohumo kambini na wanaozinunua ni wenye maduka. Juu ya daftari kuna lori. Juu ya lori kuna tenda, na huku kwenye tenda hakuna tena anaegonga kopo kwa jiwe, huku mtu anakuja na tai na bei imeshatiwa cha juu tangu kwao, karatasi zote zimekamilika, mihuri mitatu. Huyo ndie ninaemuogopa mie. Mwizi wa kopo ukimkagua unamkamata, mwizi wa tenda ukimkagua anakupa risiti.

Chukua Iraq. Wanaokumbuka watakumbuka vikwazo vya 1990, baada ya Saddam kuivamia Kuwait, watu wakateseka, dawa hamna, maji machafu, watoto wanakufa, mpaka dunia ikaanza kuona haya. Ndo 1995 Baraza la Usalama likapitisha azimio nambari 986, mpango ukaitwa Mafuta kwa Chakula, ukaanza kazi mwishoni mwa 1996. Iraq iuze mafuta yake lakini pesa isiziguse, ziingie kwenye akaunti huko New York chini ya Umoja wa Mataifa, alafu zitoke kununulia chakula na dawa. Tena sio zote, asilimia 30 mwanzo, baadae 25, zinakatwa kulipa fidia za vita vya Kuwait, na asilimia 2.2 inakwenda kwa Umoja wa Mataifa wenyewe kwa gharama za kuendesha mpango. Yaani mgonjwa analipia dawa, analipia daktari, alafu analipia na mtu wa kumchunga daktari.

Hadi mpango unafungwa 2003 mafuta ya kama dola bilioni 64 yalishauzwa. Na katika makubaliano Saddam aliachiwa achague mwenyewe nani anunue mafuta yake na nani amuuzie chakula. Kumkabidhi fisi bucha huko! Akawambia wauzaji, wewe bei yako ongeza asilimia 10, hiyo 10 nirudishie mie kwa mlango wa nyuma, iite utakavyo, iite huduma baada ya mauzo, iite nauli. Kwenye mafuta nako akatoza chake. Tume ya Paul Volcker, yule aliewahi kuwa mkuu wa benki kuu ya Marekani, ikatoa ripoti yake ya mwisho Oktoba 2005 ikasema kampuni zaidi ya 2,000 zilikuwemo kwenye mchezo huo na Saddam alivuna dola bilioni 1.8. Kampuni elfu mbili jamani, hilo sio genge, hilo ni soko zima. Hata mkuu wa mpango huo, Benon Sevan, tume ilisema alipokea kama dola 147,000, yeye akakana, akasema zile ni pesa alizopewa na shangazi yake. Mashangazi wa aina hiyo sisi wengine hatukujaaliwa.

Lakini ilonishika zaidi mie ni ngano ya Australia. Shirika lao la ngano, AWB, ndilo lilokuwa na ruhusa ya peke yake kuuza ngano ya nchi nje, na kwenye mpango ule lilikuwa muuzaji mkubwa. Likawa linalipa nauli ya malori kwa kampuni moja ya Jordan inaitwa Alia, ati ya kusafirisha ngano ndani ya Iraq, kumbe Alia haikuwa na habari na ngano, ilikuwa inapitisha pesa tu kwenda kwa serikali ya Saddam. Jumla ikafika kama dola milioni 221 za Kimarekani. Sasa weka hilo upande huu. Upande wa pili, Machi 2003, Australia hiyohiyo inapeleka askari kama 2,000 kwenda kumng'oa Saddam kwa sababu ni mtu khatari kwa dunia. Kijana wa Kiaustralia anaaga mama yake anakwenda kupigana na mtu ambae ngano ya kwao ndo ilokuwa inamtia nguvu, na kwenye vitabu imeandikwa nauli. Ikaundwa tume, tume ya Cole, ikamaliza 2006, ikasema haikuona ushahidi kwamba mawaziri walijua. Aliekuwa mkurugenzi mkuu wa AWB akaja kupigwa faini ya dola laki moja za Australia mwaka 2012, miaka tisa baada ya vita. Dereva wangu wa Kigoma alikuwa na magunia yalochanika njiani. Hawa walikuwa na nauli. Tofauti iko wapi, zaidi ya kwamba dereva angekamatwa angelala ndani siku hiyohiyo?

Haya, na unga ukiibiwa kwa maskini kinatokea nini? Ethiopia, 2023. Vita vya jimbo la Tigray vimesimama Novemba 2022, watu hawana kitu, wamezingirwa miaka miwili. Mwaka uliofuata ikagundulika chakula cha msaada kinauzwa sokoni na kinasagwa kwenye vinu vya unga vya wafanyabiashara, wizi wa kupangwa, sio wa mtu mmoja na kopo lake. Mpango wa Chakula Duniani na shirika la misaada la Marekani, USAID, wakasimamisha mgao Tigray, ilipofika Juni wakasimamisha nchi nzima. Nchi nzima! Miezi kadhaa watu wanangoja uchunguzi umalizike, na taarifa za vifo vya njaa zikawa zinatoka hukohuko Tigray. Mimi sisemi wizi ule uachiwe. Nasema mtazameni alieadhibiwa. Jemadari ana ghala lake, mwenye kinu unga keshausaga, aliekatiwa ni yule mama aliepiga dole gumba kupokea asichopewa. Yeye ndo kaibiwa, na yeye ndo kafungiwa.

Yemen ndo kabisa, kule utadhani mtu alikaa akatunga. Mwaka 2018 Saudia na Emirates, waliokuwa wanaipiga Yemen kwa ndege, wakaupa Umoja wa Mataifa dola milioni 930 za msaada kwa Yemen hiyohiyo. Upande wa pili Wahouthi, waasi walioshika mji mkuu Sana'a, wakawa wanachota chakula cha wenye njaa, na Juni 2019 Mpango wa Chakula Duniani ukasimamisha sehemu ya mgao Sana'a mpaka waelewane nao. Sawa, kwa hiyo unga umesimama. Na bomu? Agosti 9, 2018 ndege za muungano wa Saudia zilipiga basi la watoto wa skuli pale Dahyan, watoto 40 wakafa, na bomu lenyewe ni la Kimarekani. Mizigo ya mabomu kutoka huko haikusimama kungoja uchunguzi. Uingereza mahakama ya rufaa iliiambia serikali Juni 2019 kwamba ilivyokuwa ikitoa leseni za kuuza silaha kwa Saudia haikufuata sheria, ikakaa mwaka mmoja, Julai 2020 ikasema imetazama upya, yaliotokea ni matukio ya hapa na pale, biashara iendelee. Uingereza hiyohiyo ukienda kwenye orodha ya waliotoa msaada kwa Yemen unaikuta juu juu huko, na bendera.

Unga gunia moja lina saini tatu. Bomu la kilo mia tisa saini yake moja, ya kuliuza.

Na kuna wakati unga na bomu vinatoka anga moja. Mwaka 2001 Marekani inaipiga Afghanistan ikawa pia inawadondoshea watu pakiti za chakula, kila pakiti chakula cha mtu kwa siku nzima, maharage, mkate, jemu, njugu iliosagwa, na juu imeandikwa ni zawadi ya watu wa Marekani, kwa Kizungu, kwa mkulima wa Kandahar. Pakiti zile rangi yake njano. Wakati huohuo wanadondosha mabomu ya vishada, yale yanayopasuka hewani yakatawanya mabomu madogo madogo kiasi cha kopo la soda, na mengine yanaanguka hayaripuki yanakaa chini yanangoja mtu. Na yale rangi yake njano vilevile. Mtoto kaambiwa cha njano kinaliwa. Ikabidi redio itangaze kwa watu, tafadhali tofautisheni, chakula ni cha mraba na bomu ni la mviringo, kama vile watu wanafunzwa hesabu za maumbo darasa la pili. Baadae wakatangaza pakiti zitageuzwa rangi zitakuwa buluu. Kugeuza walichogeuza ni rangi ya chakula, maana rangi ya bomu ina utaratibu wake.

Mtu akinambia hayo ya zamani namwambia Machi 2024, Gaza. Ndege za Marekani siku ya kwanza zikadondosha milo 38,000 kwa watu zaidi ya milioni mbili, na silaha za Marekani kwenda Israel zinaendelea na safari zake. Alafu wakaja na gati la kuelea. Dola milioni 230. Likaanza kazi Mei 17, hata wiki mbili halijamaliza mawimbi yakalikata, likapelekwa kutengenezwa, likarudi, likatolewa tena, jumla ya siku lilofanya kazi ni kama 20 hivi, Julai wakalifunga. Nahodha yeyote wa Mkoani, kwetu Pemba, hata wa ngalawa, angewambia bahari haisaini mkataba. Lakini tatizo halikuwa bahari. Malori yalikuwa nchi kavu, yamepanga foleni kilomita na kilomita upande wa Misri, mlango upo, ufunguo anao rafiki yako, unaempa silaha wewe mwenyewe, na badala ya kumwambia fungua unakwenda kujenga daraja baharini ili uonekane umehangaika.

Sasa tuje kwenye ukaguzi, maana ndo neno linalonikera. Julai 1, 2025 USAID ilofunguliwa na Kennedy 1961 ikafungwa rasmi, na kabla ya hapo Machi waziri wao Rubio alishatangaza wamefuta asilimia 83 ya programu zake. Sababu tulosikia kila siku ni ubadhirifu, wizi, pesa za Mmarekani zinaliwa. Sawa, ziliwa, mie nimeziona zikiliwa, na nimekula kidogo. Lakini wizara yao ya ulinzi, Pentagon, ilianza kukaguliwa hesabu zote kwa mara ya kwanza 2018, ikafeli, na hadi Novemba 2024 ilikuwa imeshafeli mara saba mfululizo. Mara saba! Mtoto akifeli mara saba si unamtoa skuli ukamtafutia ufundi? Huyu kaongezewa posho. Bajeti yake inapita dola bilioni 800 kwa mwaka, na misaada yote ya nje ilikuwa kama asilimia moja tu ya matumizi ya serikali yao. Septemba 2025 rais wao akaipa na jina jingine, Wizara ya Vita, na hapo walau nampongeza, kasema kweli.

Uingereza wao wala hawakuzungusha. Februari 2025 waziri mkuu Starmer kasimama bungeni, msaada wa nje utashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ikifika 2027, na pesa itakayopatikana inakwenda kwenye ulinzi. Kwa hiyo ile hadithi ya wizi hata haikuhitajika. Unga umehamishiwa kwenye bomu mchana kweupe, na Bunge limekaa linasikiliza.

Wapo jamaa zangu hapa baraza ya kahawa wanasema basi yafutwe yote, misaada yote wizi mtupu, tujitegemee. Mie hapo nakataa. Hata kwa kopo lilobonyezwa yule mama wa Kirundi usiku ule alipika. Na sisi hapa Zanzibar nani asiejua malaria ilivokuwa, kila nyumba mtoto anatetemeka, mpaka ikaja kushuka chini ya asilimia moja, na katika hilo pesa za hao hao Wamarekani zilikuwemo, vyandarua, kupuliza dawa majumbani, vipimo. Ndio, baadhi ya vyandarua vimezungushiwa kuku, vingine vinavua dagaa, nenda pwani yoyote utaviona. Lakini watoto wetu hawakufa. Anaesema ifutwe yote kwa sababu kuna wizi anasema maneno yaleyale ya Washington, ila yeye hajui kama anayasema.

Na hao hao Washington walishatufanyia sisi. Uchaguzi wa Oktoba 2015 Zanzibar ulifutwa, ukarudiwa Machi 20, 2016, upinzani ukasusa, na Machi 28 bodi ya mfuko wao wa Changamoto za Milenia, ule ulotuletea waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Bara, ikapiga kura kuikatia Tanzania dola milioni 472. Sababu kubwa ni sisi, uchaguzi wetu. Kuna walofurahi siku ile, kusema kweli na mie nilifurahi, nilijiona kuna mtu katuona. Alafu nikakaa nikafikiri Misri. Misri jeshi lilimtoa rais alochaguliwa mwaka 2013, watu wakauliwa kwa mamia uwanjani Rabaa, na ule msaada wa kijeshi wa dola bilioni 1.3 kwa mwaka ukasimamishwa sehemu tu, Machi 2015 ukarudishwa wote. Kwa hiyo demokrasia ya Zanzibar ina thamani kuliko ya Misri? Au ni kwa sababu kwetu iliokatwa ni pesa ya umeme vijijini, na kule ni ya vifaru?

Wanasiasa wetu nao nisiwaache, maana naona wanajificha nyuma ya Mzungu. Mwaka mmoja wa masika makubwa shehia moja ya hapa Pemba nyumba ziliingia maji, msaada ukaja, mchele wa mapembe na mablanketi. Nilikwenda kutazama, zamani ni kazi yangu. Gunia moja limeshikwa na watu saba. Saba nimewahesabu, kila mmoja kakamata pembe yake na uso kaugeuzia kamera, na mzee anaepewa yupo katikati haonekani ila kofia yake. Orodha ilipita kwa sheha, ilipotoka kwa sheha ikapita mahali pengine, iliporudi kuna nyumba za juu kilimani ambazo maji hayajawahi kufika tangu Nabii Nuhu nazo zimo. Hiyo ni kopo. Mie nikilitazama kopo nalijua.

Na ukimsikiliza yule yule mwenye gunia wiki ya pili yupo jukwaani anaongelea vita, dhulma, ubeberu, wakimbizi wa dunia. Januari 2001 alikuwa wapi? Watu wa hapa walipigwa risasi kwenye maandamano ya upinzani ya tarehe 27, na zaidi ya elfu mbili wakavuka kwa vidau kwenda Shimoni, Kenya, na Tanzania inayojisifu kupokea wakimbizi ikatoa wa kwake. Mjomba wangu alikuwemo. Alikaa Shimoni kwenye hema, akapewa blanketi na mahindi, na aliporudi jambo alilolisimulia zaidi sio risasi, ni foleni ya mahindi, kwamba aliekuwa anapima alikuwa anatikisa kopo kabla ya kulimwaga ili lipungue. Nilinyamaza. Sikumwambia mie nilikuwa upande gani wa kopo.

Na sisi wa barazani je? Gaza tunaisomea kunuti, ile dua ya ndani ya sala, na ni haki yake, watu wamelia msikitini na mie nimelia. Sudan vipi? Vita vimeanza Aprili 15, 2023, njaa ikathibitishwa kambi ya Zamzam, Darfur, Agosti 2024, El Fasher ikaanguka Oktoba 2025 na watu wakachinjwa ndani ya hospitali. Waislamu wale, Waafrika wale, na Darfur ile ile askari wetu saba wa Tanzania waliuliwa Julai 2013 wakilinda amani, majeneza yalikuja na bendera. Mbona kunuti yake haina sauti? Mie jibu langu mtanichukia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika Januari 2024 kwamba tuhuma za Emirates kuwapelekea silaha RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, kupitia uwanja wa ndege wa Amdjarass, Chad, zina uzito. Emirates wanakana mpaka leo, wanasema ndege zile zilibeba misaada, hospitali ya kutibu wakimbizi, na hospitali kweli waliijenga. Unga na bomu tena, uwanja mmoja. Lakini Emirates ni Dubai, na Dubai ni ya kwetu, kila mtaa Unguja na Pemba una mtu anaekwenda kuchukua mzigo, nguo, simu, vipuri vya gari, na ndo maana imamu akifika kwenye Sudan dua inakuwa ya jumla jumla, Mola awape amani ndugu zetu popote walipo.

Dhahabu ya Sudan sehemu kubwa inaishia hukohuko, ndiyo inayolipia vita pande zote mbili.

Mwezi ujao namuozesha binti yangu. Seti ya dhahabu mpwa wangu keshainunua Dubai, Deira, kanitumia picha juzi usiku, mkufu na bangili mbili na herini, nzito, nzuri kweli, mama mtoto kaitazama mpaka simu ikaisha chaji. Kijana kaniuliza, "Ami, nije nayo ijumaa au nisubiri mzigo mwingine?" Nikamwambia njoo nayo. Kanitumia na picha ya risiti.